Amana Ndani ya Diski Nne

Mzee Nassoro aliingia studio Jumatatu asubuhi, koti zito juu ya kanzu kwa sababu ya baridi ya Juni, na shingoni kitambaa cheupe chepesi kilichofunika tundu analopumulia. Nyuma yake alikuwa binti yake mkubwa, Saada, amebeba mkoba na daftari la kurasa mia.

"Shikamoo, mzee," Fortunata alisema, akainuka kwenye kiti chake cha kompyuta.

Mzee aliweka mkono wa kulia kifuani. Midomo ilitamka marahaba, lakini hakuna kilichotoka.

"Amesema marahaba," Saada alisema. "Mimi ndiye sauti yake siku hizi, dada. Kazi nimepewa bila usaili."

Mzee akamtazama binti yake kwa jicho la pembeni, na kwa jinsi mabega yalivyotikisika Fortunata akajua kwamba amecheka.

Mara ya mwisho kumwona mzee huyu ilikuwa Machi, na wakati huo alikuwa na sauti. Sauti nene, ya mtu aliyezoea kuita vibarua kutoka mwisho mmoja wa shamba la mikorosho hadi mwingine, kule Tunduru. Alikuwa njiani kwenda Dar es Salaam kuondolewa zoloto, kile kiungo cha sauti kooni. Madaktari walikuwa wamemweleza waziwazi: uvimbe utatoka, na sauti itatoka nao. Ndipo alipoamua kupita hapa Mfaranyaki, katika studio ya Oswald, akaketi mbele ya kamera na kumwambia binti yake wa mwisho, Nasrin, yale ambayo baba humwambia mwanawe siku ya kuolewa, yaje yaonyeshwe ukumbini. Arusi ilikuwa imepangwa, ila tarehe ilikuwa mbali na kisu kilikuwa karibu.

Siku ile Oswald alisimamisha kamera, akaiwasha, akatoka nje. Mzee hakutaka mtu chumbani. Saada mwenyewe alisubiri barazani. Zilikwenda dakika sitini na sita. Alipomaliza alisema kwa sauti yake ile, na Fortunata alilikumbuka kila neno: "Maneno ya baba kwa biarusi hayasikiwi kabla ya siku yake. Asisikilize mtu. Wala msiyazidishe huku na huku, kwenye simu na flashi. Yakae mahali pamoja. Nawaachia amana."

Oswald akapiga kofi dogo juu ya boksi jeusi lililokuwa chini ya meza. "Mzee, humu mna diski nne. Moja ikifa, tatu zinaibeba. Hapa hapapotei kitu."

Fortunata alikuwepo. Yeye ndiye aliyelisoma boksi lile tangu lilipofika, usiku na mchana, kwenye simu yake na kwenye kompyuta mbovu aliyoifungua na kuifunga nyumbani kwake Mshangano mpaka ikapona. Alijua kwamba diski nne si nakala nne. Alitaka kusema, lakini mteja alikuwa mgonjwa, bosi alikuwa ameshasema, na kumsahihisha mkubwa mbele ya mgeni si jambo jepesi. Alijiambia atalisema baadaye. Wiki ileile kadi ya kamera ilifutwa ili kazi ya arusi ya Mbinga ipate nafasi.

Sasa Saada alimpa flashi mpya, bado imo kwenye karatasi yake. "Nikaha ni Jumamosi," alisema. "Ijumaa alfajiri tunapanda basi. Tukasema tuichukue mapema, tukae nayo kwa ndugu zetu Ruhuwiko, roho zitulie."

Fortunata akafungua folda. Ilichelewa kidogo kufunguka. Akalikuta faili, akaanza kulinakili. Mstari wa kijani ukasogea hadi asilimia tatu, ukasimama. Kutoka chini ya meza kukasikika mlio mdogo, tk, tk, tk, kama mtu anayegonga ukucha kwenye kopo.

Akapiga magoti. Boksi lilikuwa limegeuziwa ukutani, kwa sababu taa zake zilikuwa zikionekana kwenye vioo vya chumba cha picha. Akaligeuza. Taa nne. Ya kwanza kijani, ya tatu kijani. Ya nne ilikuwa ya njano, inapepesa. Ya pili ilikuwa nyekundu, na haikupepesa.

Akarudi kwenye kompyuta akafungua kumbukumbu za boksi. Kule lilikuwa limeandika kila kitu kwa utulivu, kama karani asiyesomwa na mtu. Diski ya pili ilikufa tarehe tisa Mei, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Hakuhitaji kalenda. Tarehe tisa Mei ndiyo siku mwili wa Ramson, fundi pikipiki wa mlango wa pili, ulipoletwa nyumbani kutoka hospitali. Mtaa ule una taratibu zake. Msiba ukitangazwa, kinyozi anazima redio, mashine ya kusaga ya pale kona inasimama mpaka watu warudi kutoka makaburini, na hakuna anayepiga muziki hadi matanga yaanuliwe. Boksi likaanza kulia asubuhi hiyo, mlio mkali, usiokata. Si mara ya kwanza. Lililia kila umeme ulipocheza, na wiki ile umeme ulicheza kila siku. Ukuta kati ya studio na chumba cha marehemu ni wa tofali moja. Upande wa pili wanawake walikuwa wameshatandika mikeka. Fortunata alibonyeza kitufe, likanyamaza, likaanza tena. Basi akaingia ndani ya mipangilio yake akaizima sauti kabisa, akajifunga khanga, akaenda kuchambua maharage na wenzake.

Alikaa msibani siku tatu. Siku ya nne alifungua studio, picha zikafunguka, video zikafunguka. Ndivyo lilivyo boksi la namna ile: diski moja ikifa, zilizobaki zinafanya kazi ya mwenzao, na mtu haoni tofauti. Alikuwa amekusudia kuangalia lililia nini. Kusudio likaenda na siku, siku zikawa wiki sita.

Akazima boksi. Mlio wa ukucha ukakoma.

"Naomba mnisubiri kidogo," aliwaambia wageni. "Nizungumze na bosi."

Oswald alikuwa chumba cha nyuma akifuta lenzi. Alimsikiliza akiwa amesimama, kitambaa mkononi.

"Basi si jambo kubwa, daktari wangu wa diski," alisema. "Kwa Abdulatifu zimejaa. Nunua mpya, chomeka pale penye iliyokufa, lijijenge upya. Si ndiyo kazi yake?"

"Likijijenga upya litazisoma zile tatu kutoka mwanzo hadi mwisho bila kupumua. Na moja katika hizo tatu inaumwa. Itafia njiani."

"Ikifa?"

"Zitabaki mbili. Mbili hazitupi nusu, kaka. Hazitupi kitu."

Oswald akaacha kufuta. "Kwa nini halikulia?"

"Lililia. Nililizima mimi, siku ya Ramson."

Bosi wake alikuwa mtu wa maneno mengi, na Fortunata aliyasubiri. Oswald aliinua lenzi kwenye mwanga, akaitazama kana kwamba lile doa analolitafuta limo mle.

"Na mimi nilimwambia mzee hapa hapapotei kitu," alisema mwishoni. "Sasa nani anamwambia?"

"Nitamwambia mimi."

Alivuta kigoda, akaketi chini ya usawa wa mzee, akaeleza yote kwa mpangilio: diski iliyokufa, inayoumwa, wiki sita ambazo hakuna aliyejua, na sababu ya kutojua. Hakuiruka sehemu yake. Mzee Nassoro alimsikiliza bila kuondoa macho. Kisha akavuta daftari, akaandika kwa herufi kubwa za mtu wa madrasa: *Nne zilikuwa za nini?*

"Mzee, chukua magunia matatu ya korosho," Fortunata alisema, "na karatasi umeandika jumla ya uzito wa yote matatu. Likiibwa moja, unapima mawili yaliyobaki, unatoa kwenye jumla, unajua lile la tatu lilikuwa kilo ngapi. Ndivyo zinavyofanya. Tatu magunia, ya nne jumla. Sasa yakiibwa mawili?"

Mzee alifikiri. Akaandika: *Jumla inabaki. Haisemi kitu.*

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo," Saada alisema polepole, "magunia na karatasi yake mliviweka ghala moja."

"Ndiyo, dada."

"Halafu mlinzi alipopiga kelele mkamziba mdomo."

"Nilimziba mimi."

"Maiti haisikii, dada Fortunata. Ingelia hata siku tatu, Ramson asingeinuka."

Mzee akagonga meza kwa kidole. Akaandika, akamgeuzia binti yake daftari. *Wafiwa wanasikia.*

Saada alisoma, akageuza uso akatazama picha za maharusi zilizobandikwa ukutani. Mzee akaandika tena, safari hii kwa Fortunata. *Unaweza kufanya nini mpaka Alhamisi?*

Aliweza kufanya jambo moja. Kuichukua ile diski inayoumwa, kabla haijafa, na kunakili kila kitu chake kwenye diski mpya, tone kwa tone, bila kuichosha. Kisha ile mpya ikae mahali pake, isomwe pamoja na zile mbili nzima, na faili litoke. Hakuahidi. Alisema, "Nitajaribu, na kila jioni nitawaambia ilipofika. Hata ikiwa mbaya."

Kwanza alichukua utepe wa karatasi, akaandika moja, mbili, tatu, nne, akabandika kila diski namba yake kabla ya kuichomoa, akapiga na picha. Kisha akapanda bodaboda hadi kwa Abdulatifu.

"Nyinyi watu wa picha mnanikumbuka penye maradhi tu," Abdulatifu alisema akishusha maboksi kwenye rafu. "Duka langu limekuwa zahanati."

"Nipe mbili. Terabaiti mbili mbili. Zisiwe za toleo moja."

"Kwa nini zisiwe za toleo moja? Mapacha wanapendeza."

"Mapacha huumwa siku moja. Zile nne zetu zilinunuliwa duka moja, siku moja."

Abdulatifu akaacha utani, akachagua, akasoma namba nyuma ya kila moja kabla ya kumpa.

Saa nane mchana ile diski ya nne ililala mezani juu ya gazeti, feni ndogo ikiipuliza, na mpya ikiwa kando yake. Programu aliyoitumia ilikuwa na adabu ambayo Fortunata aliipenda. Haigombani na palipoharibika. Inafanya kama mtu anayepalilia shamba lenye siafu: anapita kwanza kwenye ardhi salama, anamaliza, ndipo anarudi taratibu kule alikokuruka. Namba zilianza kupanda kwenye kioo. Jioni ile alimwambia mzee: asilimia thelathini na moja. Mzee aliandika namba hiyo kwenye daftari, na tarehe kando yake.

Jumanne saa mbili asubuhi umeme ulikatika.

Betri ya akiba ikaanza kulia. Ilikuwa na uwezo wa dakika kumi na mbili, pengine kumi na tano. Angeweza kusimamisha kazi vizuri, lakini diski inayoumwa ikilala, mara nyingi haiamki. Oswald alikuwa ameshatoka mbio. Aligonga mlango wa pili, kwa Ida, mjane wa Ramson, kwa kuwa jenereta la marehemu bado lilikuwepo, limefunikwa turubai barazani.

Ida alitoka na mtoto mgongoni. Alipoambiwa kuna kazi ya mtu itaharibika, hakuuliza ya nani.

"Lisukumeni mpaka dirishani kwenu," alisema. "Petroli imo."

"Litapiga kelele, mama," Fortunata alisema.

"Lipige tu. Matanga yalishaanuliwa."

Fortunata alitaka kumwambia. Maneno yalifika midomoni: kwamba siku ile, kwa ajili yenu, nilizima. Akaona kwamba akiyasema atakuwa anampa mjane mzigo usiokuwa wake, ili yeye apumzike. Akashika upande mmoja wa jenereta, Oswald upande wa pili, wakalisukuma. Lilinguruma hadi saa saba.

Mzee Nassoro alikuja kila siku baada ya sala ya adhuhuri. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya mkongojo, akaangalia namba. Wateja waliokuja kupiga picha za pasipoti walimsalimia, wakashangaa kimya chake, kisha wakaona kitambaa shingoni wakashusha sauti. Jumatano diski ilisimama mara tatu. Kila mara Fortunata aliizima, akaiacha ipoe robo saa, akaiwasha tena. Mara ya tatu mzee aliandika: *Daktari wangu alisema hivi pia. Kwanza tutoe kinachotoka.*

"Na kisichotoka, mzee?"

Mzee akaigusa shingo yake, juu ya kitambaa.

Jioni ya Jumatano Fortunata alisema: tisini na saba. Saada, ambaye tangu Jumatatu alimwita "dada" kwa meno, alitoa kwenye mkoba chupa ya chai na kikombe cha ziada.

"Kunywa," alisema. "Hujala tangu asubuhi, nimekuona. Ukianguka wewe hatuna diski ya tano."

Alhamisi saa sita mchana namba ilikuwa tisini na tisa, na nukta, na tisa nyingine mbili mbele yake. Kwa macho ilikuwa kama imekamilika. Kilichobaki ni kijipande kidogo, mahali pamoja, ambapo programu ilirudi na kurudi na kukataliwa. Sauti ya diski ilikuwa imebadilika. Badala ya ukucha kwenye kopo, sasa ilikuwa kama mchanga kwenye meno. Oswald aliinama akasikiliza.

"Unaendelea nayo?" aliuliza.

"Tulichokipata tayari kiko salama kwenye mpya. Hii hata ikifa haikiondoi. Naendelea mpaka ikatae yenyewe."

Ilikataa saa saba kasoro dakika tano. Ilitoa mlio mmoja mrefu, ikanyamaza, na haikuwaka tena. Fortunata aliivua waya, akaiweka pembeni na namba yake nne juu.

Akachomeka ile mpya pamoja na namba moja na namba tatu. Akaamuru zisomwe tu, zisiandikwe kitu. Alisubiri. Folda zikatokea, moja baada ya nyingine, arusi na ubarikio na misiba ya miaka minne. Akaliona faili la mzee. Akalinakili kwenye ile diski mpya ya pili, na mstari wa kijani ukaenda mpaka mwisho bila kusimama.

Hapo ndipo alipokwama. Faili kutoka ni jambo moja, kuwa zima ni jingine. Njia ya kujua ni kulisikiliza, na mzee alikuwa amekataza. Alifikiri, kisha akageuza kioo cha kompyuta kielekee kiti cha plastiki, akampa mzee vile vya kusikilizia vya masikioni, vikubwa, vinavyofunika sikio lote.

"Sikiliza wewe mwenyewe, mzee. Palipo na kasoro inua mkono."

Yeye na Saada waliketi upande wa nyuma wa kioo, ambako hawakuona kitu ila uso wake.

Mzee alibonyeza. Mwanzoni hakubadilika. Halafu macho yakapanuka kidogo, na Fortunata akaelewa kwamba huyu mtu hakuwa amejisikia tangu Machi. Midomo yake ikaanza kwenda. Ilikwenda pamoja na yale maneno, au nyuma yake kidogo, kama mtu wa safu ya mwisho anayemfuata imamu. Mara moja alitabasamu. Mara moja akafumba macho kwa muda mrefu. Saada alimtazama baba yake mara moja tu, kisha akaanza kuhesabu maua ya khanga yake.

Baada ya nusu saa mkono uliinuka.

Fortunata alizunguka meza, akazima sauti, akatazama picha peke yake. Uso wa mzee ulikuwa umeganda, nusu yake rangi ya kijani. Alisogeza mbele, sekunde kwa sekunde. Hakuna kilichofunguka. Akaendelea kusogeza hadi mzee wa kwenye kioo alipotikisika na kuanza tena kusema bila sauti. Akahesabu pengo. Dakika tisa na sekunde kumi na mbili.

"Ndiyo pale palipokataa," alisema. "Haparudi, mzee. Nimefika mwisho wa ninachokijua."

Mzee alisikiliza sehemu iliyobaki yote, mpaka mwisho. Ilikuwa nzima. Alivua vile vya masikioni, akaviweka magotini.

"Palikuwa na nini hapo, baba?" Saada aliuliza.

Alichukua kalamu. *Mama yenu.*

Oswald, aliyekuwa amesimama mlangoni, alirudi nyuma hatua moja, akabaki huko.

Fortunata alifahamu kidogo kidogo, kwa maswali ya Saada na majibu ya daftari. Mama yao, Mwanaisha, alifariki Nasrin akiwa na umri wa miaka miwili. Biarusi hakuwa na uso wala sauti ya mama yake kichwani. Mzee alikuwa ametumia dakika zile kumweleza: alivyotembea, alivyokasirika, alivyokwenda shambani na mtoto akiwa tumboni, siku alipomchagulia jina. Hakuwahi kumwambia kabla. Sikuzote alisema mtoto bado mdogo.

"Yaandike, baba. Nitayasoma mimi."

Mzee akageuza ukurasa mpya. Aliandika mstari, akakata. Akaandika mwingine. Kalamu ikasimama, midomo ikaendelea, ikitafuta. Nje mashine ya kusaga iliwaka, ikasaga debe la mtu, ikazimwa, na ukurasa ulikuwa bado na mistari mitatu, miwili imekatwa. Mwishowe aliandika: *Sikuyaandaa. Yalitoka tu.*

"Naweza kuunganisha, mzee," Fortunata alisema kwa sauti ndogo. "Pale lilipoanzia pengo na pale linapoishia. Hataona mtu."

Mzee alitikisa kichwa haraka, mara ya kwanza tangu Jumatatu kufanya jambo haraka. *Hapana. Nasrin ataona nimemruka mama yake.*

Alimsogelea Fortunata akamwandikia anachokitaka. Pawe peusi. Paandikwe kwamba hapa baba alimzungumzia Mwanaisha, na maneno hayakupona. Na weusi huo udumu kadiri ya pengo lenyewe, dakika tisa na sekunde kumi na mbili.

Fortunata aliketi akafanya hivyo. Oswald alikuja akasimama nyuma yake, akasoma maandishi meupe kwenye weusi, akasema tu, "Ongeza ukubwa wa herufi. Wazee watakuwepo."

Alipomaliza alitoa nakala. Mzee mwenyewe aliinua vidole vitatu. Moja ikaingia mfuko wa ndani wa koti lake, moja mkoba wa Saada, na ya tatu kwenye bahasha ya kwenda na shemeji yake Saada, ambaye angesafiri kwa gari jingine. Kisha akafungua daftari katikati ya meza ili Oswald na Fortunata wasome pamoja.

*Amana imerudi pungufu. Nimeipokea.*

Oswald alisema, "Tusamehe, mzee." Mzee alimpa mkono, akampa na Fortunata, mkavu na mzito, hakuubana wala hakuuacha upesi. Haikuwa ndiyo, haikuwa hapana. Fortunata aliona kwamba ameandika kile tu kilichokuwa kweli, na akaona kwamba asiombe zaidi ya hapo.

Saada alikuwa bado ameketi. Alikuwa na miaka kumi na minne mama yao alipofariki.

"Dada Fortunata," alisema. "Peusi pale, sauti hakuna kabisa?"

"Hakuna."

"Ukumbi mzima utakaa kimya dakika tisa."

"Naweza kupunguza. Sekunde kumi zinatosha kusoma maandishi."

Saada alimtazama baba yake. Mzee alikuwa anafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, na alipofika cha juu mikono ikasimama, anasubiri.

"Mimi nilimjua," Saada alisema. "Alikuwa akinisuka huku ananigombeza. Nitasimama hapo, nimwambie. Sijui nitaweza kuzijaza zote. Sijawahi kusema mbele za watu zaidi ya kuagiza chai."

Mzee akafunga kifungo cha mwisho.

"Usipunguze," Saada alisema. "Ziache zote tisa, na zile sekunde."